Swali la Kabla ya Bomu

Kabla ya alfajiri ya 13 Februari 1991, Marekani iliangusha mabomu mawili yanayoongozwa kwa leza juu ya jengo la kujikinga la Amiriyah, magharibi mwa Baghdad. La kwanza lilitoboa paa la zege. La pili likapita kwenye tundu lile lile na kulipukia ndani. Walikufa watu zaidi ya 400, wengi wao wanawake na watoto waliokwenda kulala humo ili wanusurike. Siku haijaisha, mabishano yakawa yamehamia kwenye televisheni. Washington ilisema jengo lile ni kituo cha kuongozea jeshi. Waandishi walioingia ndani, akiwemo Jeremy Bowen wa BBC, walisema hawakuona dalili ya jeshi. Uingereza nako wakazuka wanasiasa waliohoji uzalendo wa BBC yenyewe.

Tangu hapo ni nadra kupata vita visivyo na midahalo ya namna hiyo. Hapa wasemaji wanne wanabishania hoja hii: televisheni iache kuendesha midahalo ya kuuliza kama vifo vya raia vitani vina uhalali. Wasemaji ni wa kubuni, ndiyo maana tunawaita kwa kazi zao. Matukio wanayoyataja ni ya kweli.

MSIMAMIZI: Wakili, hoja ni yako. Tufungulie.

WAKILI: Ahsante. Sipingi televisheni kuonyesha vita. Napinga ule utaratibu wa kuwaweka watu wawili, mmoja kushoto mwa skrini na mwingine kulia, kisha kuwauliza kama waliokufa walikufa kwa sababu ya kutosha. Mei 1996, katika kipindi cha 60 Minutes cha CBS, Lesley Stahl alimwambia Madeleine Albright, balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa wakati ule, kwamba inasemekana watoto nusu milioni wamekufa Iraki kutokana na vikwazo. Akamuuliza kama matokeo yanastahili gharama hiyo. Albright akajibu kwamba ni uamuzi mgumu sana, lakini wanaona inastahili. Jibu hilo linakumbukwa hadi leo. Kinachosahaulika ni kwamba tarakimu yenyewe ilikuja kuporomoka: tafiti zilizofanywa baada ya Saddam Hussein kuondolewa hazikukuta ongezeko kubwa kiasi hicho la vifo vya watoto. Kwa hiyo muulizaji alileta idadi isiyothibitishwa, mjibuji akaipokea bila kuihoji, wakaendelea kujadili kama inafaa au haifai. Baadaye Albright aliandika kwamba alikosea kujibu vile. Mimi nasema kosa lilianzia kwenye swali.

MHARIRI: Wakili, mfano wako umenisaidia mimi. Tarakimu ilikuwa mbovu, lakini jibu lilikuwa halisi. Ni taarifa gani ya serikali kwa vyombo vya habari ingetuambia kwamba mtu wa ngazi ile anaweza kusikia habari ya watoto nusu milioni na kukubali? Kiongozi akikaa mbele ya kamera bila karatasi, ndipo unapomjua. Mfano mwingine ni Novemba 1969. Mike Wallace wa CBS alimhoji Paul Meadlo, askari wa Marekani aliyekuwepo My Lai, kijiji cha Vietnam. Alimuuliza hatua kwa hatua: mliua wanaume? Wanawake? Watoto? Na wachanga pia? Akajibu ndiyo, na wachanga. Mauaji hayo ya wanakijiji yalitokea 16 Machi 1968, na kwa zaidi ya mwaka mmoja jeshi liliyaficha.

AFANDE: Mwanangu, hapo umechanganya mambo mawili. My Lai haina mdahalo. Askari anayempiga risasi mama mwenye mtoto, anamwona kwa macho yake, huyo ni mwuaji, na hahitaji profesa wa kumtetea. Hata pale pale walikuwepo waliolijua hilo. Rubani wa helikopta, Hugh Thompson, alitua kati ya askari wenzake na wanakijiji, akawaamuru watu wake wawafyatulie Wamarekani wenzao kama wangeendelea kuua. Hakuhitaji kuambiwa na televisheni. Ugumu unaanza pale kamanda asipoona. Saa nane usiku niko chumba cha operesheni. Nina picha ya kutoka angani, nina taarifa ya mpelelezi ambaye sijawahi kumwona, na nafasi ya kupiga inapita. Televisheni inafika kesho yake mchana, miili imeshalazwa nje, inaniuliza kama nilifanya vizuri. Kwa macho ya mchana kila mtu ni jemadari.

WAKILI: Hapo, Afande, umeniunga mkono bila kukusudia. Sheria haianzi na kesho yake mchana. Itifaki ya Kwanza ya 1977, inayoziongezea nguvu Mikataba ya Geneva, inakataza shambulio ambalo linatarajiwa kuua raia kupita kiasi ukilinganisha na manufaa ya kijeshi yanayotegemewa. Linatarajiwa, yanayotegemewa: yote ni ya wakati mkono bado uko kwenye kitufe. Kifungu cha 57 kinamtaka mshambuliaji afanye kila linalowezekana kuhakikisha kwamba anachokipiga ni shabaha ya kijeshi, achague silaha na saa yenye madhara madogo zaidi, asitishe ikidhihirika kwamba shabaha si ya kijeshi au kwamba raia wataumia kupita kiasi, na atoe onyo hali ikiruhusu. Idadi ya maiti peke yake haituambii kama alitimiza hayo. Wanaweza kufa 3 kwa uzembe usiosameheka, na wanaweza kufa 30 baada ya kamanda kufanya kila alichoweza. Mdahalo wa televisheni huanza na idadi kwa sababu ndiyo iliyopo mezani saa mbili usiku.

AFANDE: Basi kwa kipimo hicho Wamarekani walikuwa na la kusema kuhusu Amiriyah. Walitaja mawasiliano ya kijeshi waliyoyanasa, uzio wa seng'enge, paa lililoimarishwa na kupakwa rangi ya kuficha. Kwenye orodha yao liliandikwa handaki la Al Firdos, kituo cha amri. Rubani hakwenda kuua watoto.

WAKILI: Rubani, hapana. Ila swali si la rubani peke yake. Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya raia wakati wa vita vya Iraki na Iran, na Pentagon ilikiri kwamba ilijua liliwahi kutumika hivyo. Watafiti wa Middle East Watch, katika ripoti yao ya 1991, walishika hapo hapo: jengo la kujikingia raia, hata kama adui ameanza kulitumia vibaya, halipotezi ulinzi wake mpaka onyo litolewe na muda upite. Onyo halikutolewa. Unaona tofauti? Kubishana kuhusu moyo wa rais wa Marekani na moyo wa Saddam hakuna mwisho. Lakini ukiuliza, "Mlijua ni jengo la raia? Mlionya?", hilo lina jibu.

MHARIRI: Na nani aliwalazimisha walijibu? Ni sisi. Nikumbushe vile ilivyokuwa. Picha ghafi zilizotoka ndani ya Amiriyah zilionyesha miili iliyoungua kiasi cha kutotambulika. Vituo vya Uingereza na Marekani vilizikata nyingi kwa kuwa zilitisha mno. Huku kwetu hata hizo zilizobaki zilifika kwa wachache: KTN ya Nairobi, iliyoanza 1990, ilikuwa ikirusha matangazo ya CNN, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni hadi 1994. Watu waliifuata vita ile kwa redio. Pamoja na makato yote, kilichoonyeshwa kilifanya kazi. Baada ya Amiriyah, Jenerali Colin Powell, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani, na makamanda wenzake walianza kuzipitia upya shabaha za ndani ya Baghdad moja baada ya nyingine, na mashambulizi ya katikati ya mji yakapungua sana. Swali lililoulizwa baada ya bomu moja likawa swali la kabla ya bomu lililofuata. Ukilifunga dirisha hilo, Wakili, utakuwa umelifunga kwa ajili ya nani?

WAKILI: Zilikuwa picha, Mhariri. Haukuwa mdahalo.

MHARIRI: Picha peke yake zingepuuzwa kama propaganda ya Saddam, na walijaribu hivyo. Kilichozipa nguvu ni mwandishi kubanwa mubashara na mtangazaji wake mwenyewe: una hakika hapakuwa na jeshi? Umetazama wapi? Akajibu alichokiona na ambacho hakukiona. Huo nao ni mjadala.

MSIMAMIZI: Ustadh, umenyamaza muda mrefu.

USTADH: Nimenyamaza kwa sababu nyote mnazungumza kana kwamba tatizo ni taarifa kukosekana, kwamba mtu akijua sawasawa atatenda sawasawa. Usiku wa 9 kuamkia 10 Machi 1945, zaidi ya ndege 300 za Marekani aina ya B-29 zilipelekwa Tokyo na mabomu ya moto. Walijua nyumba ni za mbao. Walijua ndani kuna nani. Walikufa watu kama 100,000 kwa usiku mmoja. Robert McNamara, aliyekuwa mchambuzi wa takwimu chini ya Jenerali Curtis LeMay, alikuja kusema mwenyewe mbele ya kamera, katika filamu ya The Fog of War ya 2003, kwamba LeMay alikiri wangeshindwa vita wangeshtakiwa kama wahalifu. Hapo Kifungu cha 57 kitamuuliza nini? Alihakikisha, akajua, akapiga.

Na si wao tu. Mwaka 1998 Osama bin Laden aliiambia ABC ya Marekani, mbele ya kamera, kwamba kwake yeye hakuna tofauti kati ya Mmarekani mwanajeshi na Mmarekani raia. Tarehe 7 Agosti mwaka huo huo watu wake wakazilipua balozi za Marekani, wakafa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na idadi kubwa kabisa walikuwa Waafrika wasiojua hata anagombana na nani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuua wanawake na watoto vitani. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Sayyidna Abubakar, khalifa wa kwanza, alipolituma jeshi Sham alirudia: msiue mtoto, wala mwanamke, wala mzee, wala msikate mti wenye matunda. Maneno haya hayasubiri mgeni wa upande wa pili studioni.

AFANDE: Ustadh, samahani. Huwezi kumweka gaidi na jeshi la nchi iliyokuwa ikipigana na Japani kwenye kapu moja.

USTADH: Watu siwalinganishi, Afande. Nalinganisha hoja. Kila anayesema "raia wa adui ni sehemu ya adui" amesema neno moja, awe amevaa kombati au kilemba.

AFANDE: Na anayejificha nyuma ya raia? Huyo mbona hamumtaji? Mimi nikipigana na mtu aliyeweka mzinga juu ya shule, televisheni itaonyesha shule. Mzinga haitauonyesha.

USTADH: Wanazuoni walilijua hilo kabla ya bunduki. Ghazali aliijadili hali ya adui kujikinga kwa mateka Waislamu. Hakusema piga, wala hakusema usipige. Aliweka masharti matatu: iwe dharura hasa, manufaa yawe ya yakini, siyo ya kudhania, na yawe ya umma mzima, siyo ya kikosi kimoja. Sharti la pili ndilo linalowashinda majemadari wa leo. Wanapiga kwa dhana, wakiulizwa wanajibu kwa yakini.

WAKILI: Na sheria ya leo inasema mambo mawili kwa pamoja, ambayo studioni hayasikiki pamoja: kuwatumia raia kama ngao ni marufuku, na adui akiwatumia hivyo, wewe bado hujafunguliwa wajibu wako kwao. Afande, angalia Belgrade. Tarehe 23 Aprili 1999 NATO ililipiga jengo la televisheni ya taifa ya Serbia, RTS, wakauawa wafanyakazi 16 waliokuwa zamu ya usiku. Kamati iliyoundwa na mwendesha mashtaka wa mahakama ya The Hague haikupendekeza NATO ichunguzwe. Lakini mahakama ya Serbia ilimfunga mkurugenzi wa RTS karibu miaka 10 kwa kutowaondoa watu kwenye jengo ambalo lingeweza kupigwa. Wengine bado wanasema NATO nayo ilistahili kujibu. Yawezekana wote wawili walikuwa na hatia. Mdahalo una viti viwili na lawama moja, hivyo lazima mmoja atoke msafi.

MHARIRI: Naomba nieleze kazi yetu inavyokwenda, maana mnatulaumu kama vile tunaamua kwa raha. Tukio linatokea saa kumi jioni. Kipindi ni saa tatu usiku. Jeshi linakataa kumtoa afisa aliye kazini. Nani anakuja? Mstaafu. Na wastaafu nao wana mambo yao: mwaka 2008 New York Times lilifichua kwamba Pentagon ilikuwa ikiwaandaa majenerali wastaafu waende kwenye televisheni kuitetea vita ya Iraki, huku watazamaji wakiamini ni wachambuzi huru. Sikusemi wewe, Afande.

AFANDE: Sema tu, mwanangu. Mimi pensheni yangu hainunui hata kiti cha kampuni ya silaha.

MHARIRI: Upande wa pili naleta mwanaharakati. Nina dakika saba, kisha matangazo ya biashara. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye tukio. Matokeo yake mnayajua: mmoja atauliza "Kwanza unalaani ugaidi?", mwingine atauliza "Watoto wangapi wanatosha?", na dakika zimekwisha.

WAKILI: Umemaliza hoja yangu kwa mdomo wako.

MHARIRI: Bado. Kabul, 29 Agosti 2021. Siku tatu baada ya shambulio la uwanja wa ndege lililoua askari 13 wa Marekani na Waafghani wapatao 170, droni ya Marekani ililipiga gari jeupe aina ya Toyota Corolla, ikidhaniwa limebeba mabomu. Jenerali Mark Milley, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani wakati ule, aliliita shambulio la haki. Kumbe dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, na yale waliyoyaona yakipakiwa yalikuwa madumu ya maji. Walikufa watu 10, watoto wakiwa 7. Hilo lilijulikana kwa sababu waandishi walikusanya video za kamera za ofisini kwake, wakafuata safari ya gari saa kwa saa, wakachapisha 10 Septemba. Tarehe 17 Pentagon ikakiri kosa. Mwisho wa mwaka ikatangazwa kwamba hakuna atakayeadhibiwa.

WAKILI: Mhariri, hiyo ni ripoti. Wangekaa watu wawili studioni usiku wa 29 Agosti wakijadili kama shambulio la haki linaweza kuua watoto, wangebishana juu ya bomu ambalo halikuwepo.

MHARIRI: Nakubali. Lakini nisipoweza kwenda? Kuanzia Oktoba 2023 Israeli iliwazuia waandishi wa kigeni kuingia Gaza kwa uhuru. Hamas waliua watu wapatao 1,200 tarehe 7 Oktoba. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israeli kwa mafunzo ya kilimo waliuawa katika mkasa huo. Huko Gaza nako wamekufa makumi ya maelfu. Mtazamaji wangu ana uchungu wa pande zote mbili, na ananitaka niseme kitu. Ninyamaze?

WAKILI: Usinyamaze. Wako waandishi wa Kipalestina waliokuwa ndani, na wengi wameuawa wakiwa kazini. Rusha walichokikusanya, kihakiki kadiri unavyoweza, na mgeni wako wa kwanza awe yule anayejua jengo lilikuwa na nini kabla halijapigwa. Kisha waambie watazamaji wazi: jeshi tumeliuliza swali hili na hili, halijajibu. Ukimya wa mwenye silaha ni habari. Usiujaze kwa ubishi wa watu wawili.

AFANDE: Kwa sharti moja. Maswali yale yale aulizwe pia aliyeweka silaha kwenye jengo. Alijua kuna watoto? Aliwaambia waondoke? Msije kwangu tu kwa sababu mimi ndiye mwenye msemaji na namba ya simu.

WAKILI: Sharti limekubaliwa. Ni la haki.

USTADH: Nami naweka langu. Aliyekusudia raia, asiitwe kuja kupima. Mwiteni ajieleze kama anavyojieleza mshtakiwa. Methali yetu inasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Siipendi ikitumika kwenye habari za vita. Tembo hachagui nyasi ya kukanyaga. Bomu la leza lina mtu aliyechagua.

MSIMAMIZI: Nifunge. Hoja ilivyoletwa siiungi mkono. Televisheni ikiacha kubishana kuhusu vifo vya raia, atakayefaidika ni yule ambaye hataki kuulizwa, na baada ya Amiriyah tuliona kwamba kelele za studio zinaweza kufika hadi kwenye orodha ya shabaha. Lakini Wakili ameshinda kwenye kiini: mdahalo unaoanza na idadi ya maiti na kuuliza kama inatosha hauwezi kwenda popote, kwa sababu anayeingia humo ameshakubali kwamba ipo idadi inayotosha. Swali linalomfaa mwenye silaha, awe jenerali au mpiganaji aliyejichimbia shuleni, ni hili: kabla hujafanya, ulijua nini kuhusu watu waliokuwa pale, ulifanya nini ili ujue zaidi, na nani alikuambia usiendelee? Mgeni asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo hana sababu ya kukaa kwenye kiti kile usiku ule. Kituo kisichompata anayeweza kujibu kitangaze hivyo, kimpeleke mwandishi wake akatafute, hata kama majibu yatarudi baada ya wiki mbili na vita imeshahamia mji mwingine.